Sura ya Nne: Kabla ya Kuitisha Mkutano

Jirani akifiwa, hakuna anayesubiri kualikwa. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, iwe Manzese, Buguruni, Tandale au Mbagala, saa moja baada ya kilio cha kwanza kusikika mambo huwa yameshashika njia. Vijana wa kijiweni wamekwenda kuchukua turubai na viti. Kina mama wamegawana majukumu: hawa mchele na maharage, hawa maji, hawa mkaa na masufuria makubwa. Mtu mmoja, ambaye hakuteuliwa na yeyote siku hiyo, ameketi karibu na mlango na daftari, anaandika jina na kiasi: elfu moja, elfu tano, elfu mbili. Mwingine anapiga simu mikoani. Wengine wametangulia makaburini na majembe. Ikifika jioni mfiwa hajagusa sufuria, hajui hata sanda ilinunuliwa na nani, na umati wa watu umekula na kunywa.

Sasa chukua mtaa huohuo, mwezi unaofuata. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameitisha mkutano kuhusu mtaro ulioziba. Tangazo limepitishwa kwa kipaza sauti na kubandikwa ofisini. Saa kumi alasiri wamefika watu wachache, wengi wao wajumbe wa kamati wenyewe. Waliokuja wanalaumiana, wasiokuja wanasemwa, na kikao kinafungwa kwa kauli ambayo sote tumewahi kuisikia: watu wa mtaa huu hawana mwamko.

Kauli hiyo si ya kweli, na sura hii imeandikwa kuikanusha. Watu waliolala matangani siku tatu ndio haohao ambao hawakuonekana mkutanoni. Kilichotofautiana ni namna walivyoitwa. Msibani mtu huitwa na anayemjua, kwa kazi anayoiweza, akijua kwamba zamu yake ikifika naye atatendewa hivyohivyo. Mkutanoni ameitwa na kipaza sauti, aje kusikiliza orodha ya upungufu wa mtaa wake, na huenda akaondoka akiwa ametajwa kama sehemu ya tatizo.

Anayetaka majirani wafanye jambo pamoja na aanze kwa kujua yale wanayoyafanya pamoja tayari. Kisha amwombe kila mmoja kile anachokiweza, akipitia kwa mtu anayeaminika. Mkutano utafuata baadaye, na utajaa.

Ujirani ni uhai

Yapo mazoea ya kuuona ujirani kama jambo zuri la ziada, la kupeana chumvi na kujuliana hali. Lakini ujirani huamua nani anaishi na nani anakufa, na ushahidi wa wazi ulipatikana katika jiji tajiri lililo mbali sana na kwetu.

Julai 1995 jiji la Chicago, Marekani, lilipatwa na joto kali ambalo halijazoeleka kule. Tarehe 13 kipimo kilifika nyuzijoto 41. Umeme ulikatika katika maelfu ya nyumba na magari ya wagonjwa yakazidiwa. Wataalamu wa afya walipopiga hesabu baadaye, walikuta watu 739 zaidi ya kawaida wamekufa katika wiki hiyo moja. Wengi wao walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao, waliokutwa ndani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg, ambaye kitabu chake kuhusu maafa hayo kilitoka mwaka 2002, alivutiwa na mitaa miwili inayopakana: North Lawndale na South Lawndale. Mitaa yote miwili ilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao, na joto lilikuwa lilelile. Hata hivyo, North Lawndale ilipoteza watu kama 40 kwa kila wakazi 100,000, wakati South Lawndale ilipoteza chini ya wanne. Kwa kulinganisha na idadi ya wakazi, mtaa mmoja ulizika zaidi ya mara kumi ya mwingine.

Klinenberg alikataa kusema kwamba watu wa upande mmoja walikuwa na moyo mwema kuliko wa upande wa pili. Aliwaonyesha wasomaji wake barabara zenyewe. North Lawndale ilikuwa imeondokewa na viwanda na maduka, viwanja vimebaki vitupu, majengo yametelekezwa, na mzee aliogopa kutoka nje kwa sababu hakukuwa na mahali pa kwenda wala mtu wa kukutana naye njiani. South Lawndale ilikuwa na maduka madogo, wauzaji wa barabarani na watu wanaopita mchana kutwa. Mzee alitoka kununua mkate, akaonwa na muuza duka, akasalimiwa na jirani. Joto lilipokuja, palikuwa na mtu wa kujiuliza mbona leo hakuonekana.

Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Genge la nyanya, kibao cha muuza kahawa, bomba la maji la jumuiya, saluni na baraza ya msikiti ni sehemu ya ulinzi wa mtaa. Anayepanga mtaa bila kuviona vitu hivyo, au anayevifagia kwa jina la usafi bila kuvipa mahali pengine, anavunja kitu ambacho fedha za serikali haziwezi kukijenga upya kwa mwaka mmoja.

Swali lililogeuzwa

Kwa miaka mingi, kazi ya maendeleo mijini imeanza na dodoso. Vijana wenye fulana zinazofanana wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza: wangapi hamna choo, wangapi hawana kazi, mnakula milo mingapi, watoto wangapi wameacha shule. Wakazi wa mitaa yetu wana maneno yao kwa jambo hili. Wanasema, "Wamekuja kutuandika." Wanaandikwa, wageni wanaondoka, na mara nyingi hakuna kinachorudi.

Hasara yake ni kubwa kuliko muda uliopotea. Mtu akiulizwa mara kwa mara juu ya anachokosa, hujifunza kujieleza kwa anachokosa. Kiongozi anayeonekana hodari ni yule anayejua kusimulia shida vizuri mbele ya mfadhili. Jirani humwona jirani mwenzake kama mhitaji mwingine anayegombea msaada uleule. Fedha zikija huenda kwa wataalamu wa kutibu upungufu, na mwenye ujuzi aliyeko mtaani hubaki bila kuitwa.

Wamarekani wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, John McKnight na John Kretzmann, waliliweka jambo hili wazi katika kitabu chao cha mwaka 1993. Walizunguka katika mitaa ya watu wa kipato cha chini katika miji mbalimbali ya nchi yao na kukusanya visa vya mitaa iliyojiinua. Katika visa hivyo waliona mfanano: kila mahali palipofanikiwa, watu walianza na vilivyokuwepo, yaani ujuzi wa mkazi mmojammoja, vikundi vyao vidogo, na taasisi zilizo karibu kama shule na maktaba. Msaada wa nje ulifaa pale tu ulipokuta watu wameshajipanga.

Kisa kimoja kutoka South Bend, jimbo la Indiana, kinaonyesha jinsi badiliko dogo linavyoweza kufika mbali. Kanisa moja la Kimethodisti, lililokuwa chini ya mchungaji Mike Mather, lilikuwa likigawa chakula kwa wahitaji. Kabla ya kupewa, mtu alijaza fomu ya kuonyesha umaskini wake. Siku moja muumini akahoji: tunahubiri kwamba roho wa Mungu yuko ndani ya kila mtu, mbona fomu yetu haiulizi habari hiyo? Wakabadilisha maswali. Wakaanza kuwauliza waliokuja kuchukua chakula ni kitu gani wanakiweza. Mama mmoja akasema anajua kupika. Kanisa likamwomba awapikie wafanyakazi wake. Chakula kikasifiwa, akaombwa kupika kwenye shughuli nyingine, na baadaye akafungua mgahawa wake. Mama huyo alikuwa na ujuzi uleule siku zote alizokuja kupanga foleni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Uchochoro wa nyumba ishirini

Mtu anaweza kusema kwamba kupika ni rahisi, vipi kuhusu mambo mazito kama maji taka? Twende Karachi, Pakistan.

Mwaka 1980 Orangi ilikuwa miongoni mwa makazi makubwa yasiyopimwa duniani, yenye mamia ya maelfu ya watu. Hapakuwa na mfumo wa maji taka. Vyoo vilikuwa vya ndoo au mashimo yaliyofurika, maji machafu yalitiririka katikati ya vichochoro, kuta zikaoza kwa unyevu na watoto wakaugua. Hapo ndipo alipofika Akhtar Hameed Khan, mzee wa miaka sitini na kitu, mtu aliyekuwa amejipatia heshima kwa kazi yake na wakulima wa Comilla, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh.

Khan hakuanza kwa kuitisha mkutano. Alitembea. Kwa miezi alizunguka vichochoroni akizungumza na watu na kuwauliza ni jambo gani linawasumbua kuliko yote na wao wamekwishafanya nini juu yake. Alikuta kwamba watu hawakuwa wamekaa bure. Wengi walikuwa wametumia fedha zao kuchimba mashimo, na wengine walikuwa wametandaza mabomba yasiyofika popote. Nia ilikuwepo, fedha kidogo zilikuwepo na mikono ilikuwepo. Vilivyokosekana ni utaalamu wa vipimo, bei wanayoimudu, na namna ya kufanya kazi pamoja bila kudhulumiana.

Jibu lake lilijengwa juu ya kipimo cha uaminifu. Hakuunganisha mtaa mzima. Aliona kwamba watu wa Orangi, waliotoka sehemu na makabila tofauti, wanaaminiana ndani ya uchochoro mmoja wa nyumba kama ishirini au thelathini, ambamo kila mmoja anaona mlango wa mwenzake. Basi uchochoro ukawa ndio kikundi. Wakazi walichagua msimamizi wao, msimamizi akakusanya michango, na wakazi wenyewe wakachimba au wakamlipa fundi. Mradi wake ulitoa ramani, vipimo, vifaa vya kuazima na ushauri. Fedha za watu haukuzigusa. Kwa kuwa michoro ilirahisishwa na mkandarasi akaondolewa katikati, gharama ilishuka hadi ile ambayo familia ya kibarua iliweza kuilipa.

Mwanzoni wengi walikataa wakisema kazi hiyo ni ya serikali. Uchochoro wa kwanza ulipokamilika, majirani wa vichochoro vingine walikuja kuutazama, na maombi yakaanza kumiminika. Hatimaye zaidi ya nyumba 90,000 zilipata vyoo na mabomba ya maji taka yaliyolipiwa na wenyeji. Mgawanyo wa kazi uliotokana na uzoefu huo ni wa haki: wananchi wanamudu choo cha ndani, bomba la uchochoro na mkondo wa kati, serikali inawajibika kwa mkondo mkuu na mtambo wa kusafishia, kwa sababu hivyo haviwezi kujengwa na majirani.

Hapa kwetu

Sisi nasi tuna ushahidi wetu, wa kujengeka na wa kubomoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu na Songea, kikundi kidogo cha vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga kilianzisha kijiji cha Litowa. Walikuwa wachache, walichaguana, waliamua mambo yao wenyewe na kufanya kazi pamoja. Wengine walikuja kuona, wakarudi kwao kuanzisha vya kwao. Mwaka 1963 wakaunda chama, Ruvuma Development Association, kilichokuja kuunganisha vijiji zaidi ya kumi. Walikuwa na shule yao na miradi yao, na Mwalimu Nyerere aliwatazama kama mfano hai wa yale aliyoyaandika juu ya ujamaa. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mwishoni mwa 1973 kuishi katika vijiji kukawa amri, na katika miaka michache mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu.

Vijiji vilivyokua polepole kwa watu kuaminiana vilivunjiwa chama chao. Vijiji vilivyokuja baadaye kwa amri vilikuwa na ramani na tarehe ya mwisho, lakini majirani walikuwa wamewekwa pamoja na gari la serikali. Kuwasogeza watu karibu hakuwafanyi washirikiane. Ushirikiano una umri wake wa kukua, na hauwezi kuagizwa.

Miaka ishirini baadaye, Hanna Nassif katika Kinondoni ilionyesha njia nyingine. Eneo hilo lililo kando ya bonde la Msimbazi, lililojengwa bila kupimwa, lilisumbuliwa na mafuriko kila masika. Katika miaka ya 1990, jiji, wakazi na mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Kazi Duniani, walishirikiana kujenga mitaro na barabara. Wakazi walikuwa na chama chao cha maendeleo, na chama hicho ndicho kilichoingia mkataba wa kazi. Wanawake kwa wanaume wa mtaa huo walichimba na kujenga kwa ujira, wakajifunza ufundi hapohapo. Mafuriko ya Msimbazi bado ni tatizo kubwa la Dar es Salaam, lakini mtaro uliojengwa na mtu wa hapo una mwenyewe, na ukiziba kuna anayejua namna ya kuuzibua.

Namna ya kuanza

Sasa tuje kwako. Pengine wewe ni mjumbe wa mtaa, mwalimu, mwanakikoba, imamu, katekista, au mkazi tu aliyechoka kuruka maji machafu. Ufanye nini?

Kwanza tembea, na ukitembea sikiliza. Nenda pale watu wanapokutana bila wewe: bombani asubuhi, kwa mama ntilie mchana, kijiweni kwa bodaboda, kibarazani wanapocheza bao. Acha dodoso nyumbani. Uliza maswali ambayo watu hufurahi kuyajibu. Mtoto akipandwa na homa usiku, hapa mtaani anaitwa nani? Wagombanao hupatanishwa na nani? Nani anatunza daftari la msiba? Nani alifundisha watoto wa hapa kuogelea, kushona, kusoma Kurani, kupiga gitaa? Baada ya wiki chache utaona majina yaleyale yanarudi. Wengi wao hawana cheo chochote.

Miongoni mwa majina hayo hutakosa la kijumbe, yule anayesimamia mchezo wa kina mama. Kila siku au kila wiki anapokea fedha za wanawake wenzake na kumkabidhi aliyefikiwa na zamu. Mara nyingi hakuna mkataba wala wakili. Dhamana yake ni kwamba nyumba yake inajulikana na neno lake halijawahi kurudi nyuma. Mtaa wenye kijumbe wa aina hiyo una benki na mkaguzi wa hesabu kwa pamoja. Yapo pia makundi mengine: vikoba, vyama vya kufa na kuzikana, jumuiya ndogondogo za Kikristo, madrasa, timu ya mpira ya vijana, kikundi cha taarab cha zamani ambacho wanachama wake bado wanaalikana arusini. Kila kundi ni uzi wa mawasiliano uliokwisha kupimwa. Tumia nyuzi hizo kabla ya kuunda kamati mpya.

Pili, ombi lako liwe mahususi. Kusema "jamani tushirikiane" ni kutomwomba mtu yeyote kitu chochote. Linganisha na hili, unapomwendea fundi mzee nyumbani kwake:

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa karo la msikitini umelijenga wewe, na mpaka leo halijavuja. Jumamosi tunataka kufunika ule mtaro wa pale kwa muuza mkaa, watoto wanatumbukia. Vijana wa kuchimba tunao, saruji ipo mifuko miwili. Tunakosa mtu wa kutuonyesha vipimo. Ungeweza kutusimamia kuanzia saa mbili mpaka saa nne?"

Ombi hilo lina heshima na sababu, lina mwanzo na mwisho, na linamwonyesha mzee kwamba kazi yake ya zamani ilionekana. Ni nadra sana fundi kukataa. Akishakuja, wale aliowafundisha kazi watakuja kumsalimia, na watabaki.

Tatu, chagua jambo dogo linaloweza kuisha siku hiyohiyo na kuonekana kwa macho: mfuniko wa mtaro mmoja, taa moja penye giza, benchi la wazee kivulini. Watu waliokatishwa tamaa na ahadi za miaka mingi huamini kilichokwisha kuliko kilichopangwa. Ikipatikana sufuria ya wali siku hiyo, kazi huwa shughuli, na Waswahili tunajua kwamba shughuli ni watu.

Nne, fedha ziwe mezani. Daftari la msiba huaminika kwa sababu michango na matumizi husomwa hadharani kabla ya watu kutawanyika. Fanyeni hivyohivyo. Someni kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki jioni ileile, mbele ya waliochanga. Ushirikiano mwingi mitaani haukufa kwa umaskini, ulikufa kwa elfu kumi isiyojulikana ilikwenda wapi.

Hapo ndipo mkutano una maana. Watakaokuja ni watu waliokwisha kufanya kazi pamoja, wanaodaiana salamu, wenye jambo la kuripoti na lingine la kupanga.

Wasioandikwa kwenye daftari

Uhusiano uliopo una nguvu, lakini una mipaka yake pia, na mwandishi asiyeisema anawapotosha wasomaji. Mtandao wa majirani unaweza kumkumbatia mmoja na kumfungia mlango mwingine.

Anayesahaulika zaidi katika miji yetu ni mpangaji. Mwenye nyumba ndiye anayeitwa mwenyeji. Mpangaji huonekana wa kupita, ingawa huenda amekaa chumba hichohicho miaka kumi, na wapangaji ni wengi. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao walijua wanachosema: fundi wa simu aliyehamia juzi kutoka Mwanza au nesi aliyepanga chumba cha uani anakuja na ujuzi ambao mtaa hauna. Wapo pia wasichana wa kazi, wanaoujua mtaa kuliko waajiri wao kwa sababu ndio wanaotoka alfajiri kuchota maji. Wapo wenye ulemavu, ambao huletewa msaada lakini hawaombwi kazi. Wapo vijana wa kijiweni wanaoitwa wahuni Jumatatu na kuitwa kubeba jeneza Jumanne.

Kuna suala la vyama pia. Mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulimpa kila mkazi mtu wa kumgongea mlango usiku. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, wajumbe wale walibaki kuwa wa chama kimoja, na katika mitaa mingi jirani wa chama kingine hujiona hahusiki. Kwa hiyo unapotafuta mtu wa kuunganisha, mtafute yule ambaye pande zote humwita akitokea mgonjwa. Dini iangaliwe kwa jicho hilohilo: shughuli ya kwanza isifanyike Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na chakula kiwe kile ambacho kila mtu anaweza kula.

Kila mara majirani wanapokusanyika, jiulize swali moja: nani anaishi hapa na hayupo hapa? Kisha mtu mmoja amfuate, na amwombe kitu anachokiweza.

Nguvu ya watu si likizo ya serikali

Kuna hatari moja ya mwisho. Wapo viongozi watakaoisoma sura hii kwa furaha isiyo sahihi, wakiona kwamba kama wananchi wanaweza kujijengea mitaro, bajeti ya mitaro inaweza kupelekwa kwingine. Nchi zetu zimewahi kupita huko. Michango ya "hiari" iliyokusanywa kwa vitisho, na watu kunyimwa huduma ofisini mpaka waonyeshe risiti, vimeharibu jina la kujitolea kiasi kwamba wengi wakisikia neno mchango hufunga milango.

Orangi ilitoa jibu la hoja hiyo miaka mingi iliyopita. Uchochoro ni wa majirani, bomba kuu ni la serikali. Zahanati, maji safi, umeme, barabara kuu na usalama wa raia ni haki zinazolipiwa kodi, na hakuna wingi wa upendo wa majirani unaoweza kuchukua nafasi yake. Tena, majirani waliojipanga ndio wanaodai haki hizo kwa nguvu. Mtaa uliomaliza sehemu yake, wenye daftari safi na ramani mkononi, ukifika ofisi ya manispaa unauliza swali ambalo ofisa hawezi kulikwepa: sisi tumefika hapa, ninyi mtaanza lini?

Basi msomaji, kabla hujalaumu mtaa wako kwa kukosa mwamko, fanya jambo moja wiki hii. Mtafute anayetunza daftari la msiba. Msalimie kwa adabu, kaa naye, umuulize ni akina nani hapo mtaani huja bila kuitwa, na kila mmoja hufanya nini. Andika majina. Chagua watatu, uwafuate nyumbani kwao, na uwaombe kitu kimoja kidogo wanachokiweza kwa faida ya wote. Mtaa wako umeshajipanga kwa ajili ya wafu. Uombe ujipange na kwa ajili ya walio hai.